Mwaka halisi wa pikipiki kuukuu hutambuliwaje?

Na Mwandishi Wetu, Kyela

MNUNUZI wa pikipiki kuukuu katika kata ya Mwaya, wilayani Kyela, kwa kawaida huonyeshwa kadi ya usajili na kuhakikishiwa kwa maneno kwamba chombo ni cha mwaka fulani. Uhakika huo hautoshi, kwa kuwa kadi, fremu na injini vinaweza kutoa habari tatu zinazotofautiana.

Kosa katika jambo hili lina gharama. Anayekosea mwaka hununua vipuri visivyoingia, na anayenunua chombo ambacho namba zake hazilingani na kadi anaweza kukipoteza mikononi mwa polisi, huku muuzaji akiwa hajulikani alipo.

Mwaya, iliyokuwa bandari ya Ziwa Nyasa enzi za utawala wa Waingereza, ipo katika ukanda wenye mvua nyingi mno. Unyevu huo hula chuma na kufifisha namba zilizogongwa kiwandani. Aidha, Kyela inapakana na Malawi, na chombo kilichovuka mpaka bila kulipiwa ushuru kinaweza kuzuiwa hata kikiwa kimeuzwa mara kadhaa.

Jambo la kwanza kufahamu ni kuwa pikipiki moja inaweza kuwa na miaka mitatu: mwaka wa kutengenezwa, mwaka wa toleo na mwaka wa kusajiliwa. Iliyotengenezwa mwaka 1984 inaweza kuingizwa nchini na kusajiliwa miaka kadhaa baadaye. Kwa hiyo namba ya usajili peke yake haithibitishi umri wa chombo.

Mfano mzuri ni pikipiki za Uingereza za BSA na Triumph. Kuanzia matoleo ya mwaka 1969, viwanda hivyo viligonga herufi mbili kabla ya namba: ya kwanza ikitaja mwezi, ya pili mwaka wa toleo. Yenye herufi JD ilitengenezwa Agosti 1969, lakini ni toleo la mwaka 1970, kwa kuwa msimu mpya wa kiwanda ulianza mwezi huo.

Pikipiki za Japani zilizoenea zaidi nchini zina utaratibu mwingine. Katika Honda CG125 za awali, zilizoanza kuuzwa katikati ya miaka ya 1970, namba ya fremu huanza na jina la aina, CG125, kisha hufuata namba ya mfululizo. Hakuna herufi ya mwaka. Mwaka hupatikana kwa kulinganisha namba ya mfululizo na kitabu cha vipuri cha kiwanda, ambacho hutaja kila toleo lilianzia namba ipi na kuishia ipi.

Mfumo wa umeme nao husaidia. CG125 za mwanzo zilitumia volti 6 na platini, na katika miaka ya 1980 zikafuata za volti 12. Hata hivyo, dalili hiyo si ushahidi kamili, kwa kuwa fundi anaweza kuubadili mfumo mzima.

Kwa vyombo vya karibuni, namba ya chasisi huwa na alama 17. Herufi ya kwanza hutaja inakotoka: J ni Japani na L ni China. Alama ya kumi kutoka kushoto hutaja mwaka katika pikipiki zilizotengenezwa kwa soko la Marekani tangu toleo la 1981, na pia katika zile za China zinazofuata utaratibu huo. Kwa masoko mengine, baadhi ya viwanda havikulazimika kuiweka.

Mzunguko wa alama hiyo ni miaka 30. Herufi H, kwa mfano, ni 1987 au 2017, hivyo ni lazima aina ya pikipiki ichunguzwe pia. Herufi I, O na Q hazitumiki kabisa katika namba ya alama 17. Ikionekana mojawapo, ama namba imesomwa vibaya ama imeghushiwa.

Injini ndiyo hupotosha wengi. Injini nyingi za pikipiki za China zilizojaa katika biashara ya bodaboda zilitokana na umbo la CG125, na mafundi wengi huzipachika katika fremu za zamani. Injini yenye maandishi 156FMI au 162FMJ ni ya mfumo wa China: 1 ni silinda moja, 56 au 62 ni kipenyo cha silinda kwa milimita, I ni ujazo wa sentimita za ujazo 125 na J ni 150. Maandishi hayo yakikutwa katika fremu ya Honda ya zamani, injini si ya asili, na mwaka utafutwe kwenye fremu.

Namba ya fremu kwa kawaida hugongwa kwenye shingo, chini ya usukani. Penye kutu, pasafishwe kwa mafuta ya taa na brashi laini, kisha pasuguliwe chaki ili tarakimu zijitokeze. Msasa mkali na tindo havifai, kwani namba iliyokwaruzwa hufanana na iliyofutwa na wezi.

Tarakimu nne za mwisho kwenye tairi, kwa mfano 2307, humaanisha wiki ya 23 ya mwaka 2007. Huo ni umri wa tairi tu.

Namba za fremu na injini zikishasomwa, zilinganishwe na kadi kabla ya fedha kutolewa. Zikitofautiana, muuzaji ndiye anayepaswa kwenda Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) na polisi kurekebisha taarifa. Mnunuzi anayekubali kulifanya hilo baadaye hujitwisha mzigo usio wake.