KIINGILIO SI PESA TU: NILIYOYAONA MLANGONI PA UWANJA WA BATLEY

Wahenga wetu walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Methali hii nimeisikia tangu utoto wangu Mombasa, na sikudhani kuwa siku moja ingenijia akilini nikiwa mbele ya mlango wa uwanja wa michezo katika mji mdogo wa Uingereza. Mfukoni nilikuwa na pesa za kiingilio, na ubavuni pangu alisimama mzee ambaye kwa zaidi ya miaka hamsini alipita mbele ya mlango ule bila kuuingia.

Mji wenyewe ni Batley, katika jimbo la Yorkshire, kaskazini ya Uingereza. Nilikwenda kumzuru rafiki wa marehemu baba yangu. Yeye ni Mgujarati, Muislamu, mzaliwa wa Mombasa, na Kiswahili chake ni kile kile cha Mji wa Kale, hakijashika kutu. Alihamia huko mwaka 1968, akapata kazi ya zamu ya usiku katika kiwanda cha sufu, kama walivyopata wengi wa watu wake. Leo mtaa wa Mount Pleasant umejaa familia za Kigujarati, na misikiti haiko mbali na mtu.

Jumapili moja ya majira ya joto tulitoka msikitini baada ya sala ya adhuhuri. Tukipanda kilima, nikaona watu wanaelekea mlango mmoja, wazee kwa watoto, wamevaa jezi za rangi ya waridi iliyokoza na hudhurungi nyepesi.

"Ami, kuna nini hapa?" nikamuuliza.

"Raga, mwanangu. Wakifunga trai nasikia kelele mpaka jikoni kwangu."

"Na wewe huingii kutazama?"

Akacheka. "Sijaingia hata siku moja."

Nikadhani ni bei. Miaka hii mtu mzima huombwa pauni 20 hivi, yaani zaidi ya shilingi 3,000 zetu, na mwenye watoto watatu hana budi kupiga hesabu kabla ya kutoka nyumbani. Lakini mzee akanikata kauli. "Nilipokuja mimi kiingilio kilikuwa pesa ndogo, na sikuingia vile vile. Nenda ukaulize habari zake, kisha uniambie kwa nini."

Basi nikaenda nikasoma, nikauliza, na haya ndiyo niliyoyapata.

SHILINGI SITA

Raga hii, msomaji, si ile tuliyoizoea Kenya ya wachezaji 15, wala ile ya wachezaji saba. Hii huitwa raga ya ligi, na kila upande una watu 13. Na ukitafuta asili yake utaikuta mlangoni, pale pesa za watazamaji zinapokusanywa.

Katika karne ya 19 viwanda na migodi ya Uingereza vilianza kuwafungulia wafanyakazi Jumamosi mchana. Watu walipopata nusu siku ya kupumzika walimiminika viwanjani. Klabu zikajenga kuta kuzunguka viwanja vyao na kutoza kiingilio, na senti za watu wengi, haba na haba, zikajaza kibaba. Lakini mchezaji mwenyewe hakuruhusiwa kuonja. Kwa sheria za chama cha raga, mchezo ulikuwa wa ridhaa. Bwana mwenye mali aliweza kucheza bila hasara, ila mchimba makaa aliyeacha zamu yake ili acheze alikatwa ujira, na nyumbani wanawe walilala na njaa.

Klabu za kaskazini ziliomba mchezaji afidiwe ujira aliopoteza. Mwaka 1893 ombi hilo lilikataliwa. Tarehe 29 Agosti 1895 wajumbe wao wakakutana katika hoteli ya George mjini Huddersfield, wakajitenga na kuunda chama chao. Klabu 22, pamoja na Batley, ndizo zilizouanza mwendo huo. Fidia waliyoiruhusu haikupita shilingi 6 kwa siku. Mwaka 1898 wakaruhusu mchezaji alipwe, ila kwa sharti kwamba awe na kazi nyingine ya halali. Asiye na kazi hakucheza.

Sisi tuliofunzwa tumlipe mtu ujira wake kabla jasho lake halijakauka hatuoni ugumu wa kuelewa ugomvi ule. Pesa zimetoka kwa wafanyakazi waliokuja kutazama. Kwa nini zisimfikie mfanyakazi aliyewachezea?

Tangu hapo mchezo ukawa chini ya hukumu ya mlango. Walipoona watu wanachoshwa na mchezo wa kusongamana, walibadili sheria hata mwaka 1906 wakapunguza wachezaji kutoka 15 hadi 13, ili mpira ukimbie na macho yashibe. Batley walikuwa wa kwanza kutwaa Kombe la Changamoto, mwaka 1897, walipowashinda St Helens kwa 10-3 mbele ya watu 13,492.

SHIMO LILILOJAA WATU

Baada ya Vita Vikuu vya Pili watu walikuwa na kiu ya starehe, na kiingilio kilikuwa ndani ya uwezo wa mwenye kufanya kazi. Mwaka 1948 fainali ya kombe mjini London, katika uwanja wa Wembley, ilitazamwa na watu 91,465, na Mfalme George wa Sita akiwa miongoni mwao. Tarehe 5 Mei 1954 Warrington na Halifax walirudiana katika uwanja wa Odsal mjini Bradford. Uwanja huo ulichongwa ndani ya shimo lililokuwa jaa la taka. Waliohesabiwa mlangoni siku hiyo ni watu 102,569, na inaaminika kuwa wengine wengi waliingia pasipo kuhesabiwa. Mwaka 1959, siku ya Ijumaa Kuu, watu 47,747 walijaa uwanja wa Wigan kutazama wenyeji wakipambana na St Helens. Ukienda leo kuutafuta uwanja huo utakuta duka kubwa.

Na mwaka 1980, timu mbili za mji mmoja wa Hull zilipokutana katika fainali ya Wembley, mtu fulani aliweka kibao kando ya barabara ya kutokea mjini: wa mwisho kutoka azime taa! Watu 95,000 walikuwa uwanjani siku hiyo.

Lakini kabla ya hapo mambo yalikuwa yamekwisha kuharibika. Katika miaka ya 1960 televisheni iliingia majumbani, magari yakawa mengi, na viwanda vya sufu na migodi ya makaa, ambavyo ndivyo vilivyoleta watazamaji, vikaanza kufunga milango. Klabu zikahamishia michezo Jumapili kuanzia Disemba 1967. Hapo wakakumbana na sheria ya mwaka 1780 iliyokataza kutoza kiingilio cha tamasha siku ya Jumapili. Hila ya kuizunguka haikukosekana. Wenzao wa kandanda walipoanza kucheza Jumapili mwezi Januari 1974, mlangoni ilikuwa bure, lakini mtu hakupita mpaka anunue kijitabu cha mchezo kwa bei ile ile ya tikiti!

RAHISI HUVUNJA UPISHI

Mwaka 1995 ligi kubwa ikaingia mkataba na kampuni ya televisheni ya Rupert Murdoch, pauni milioni 87 kwa miaka mitano, na mwaka 1996 mchezo ukahamishwa kutoka majira ya baridi hadi majira ya joto. Bradford walichangamka kuliko wote. Waliweka muziki na michezo ya watoto kabla ya mpambano, familia zikaja, na mwaka 1997 wastani wao ulipita watu 15,000 kila mchezo. Wakawa mabingwa mwaka huo, na tena 2001, 2003 na 2005.

Halafu ushindi ukapungua, na watu nao wakapungua. Mwaka 2012 klabu ilitangaza kuwa inazama, ikawaomba wapenzi wake msaada. Watu wa kawaida walichanga nusu milioni ya pauni, wengine wakitoa walichokuwa wamewawekea watoto. Hata hivyo klabu iliwekwa chini ya msimamizi mwaka ule ule, na Januari 2017 ikavunjwa, ikabidi iundwe nyingine. Waliokuja kwa ajili ya muziki na vikombe walikwisha kwenda zao. Waliochanga ni wale ambao klabu ilikuwa sehemu ya nyumba yao.

Hapa ndipo bei inapowasumbua wakuu wa klabu. Ukipandisha kiingilio, mwenye watoto anabaki nyumbani. Ukikishusha mno au ukigawa tikiti bure, uwanja unajaa leo, lakini mwenye tikiti ya msimu, aliyelipa mapema na kunyeshewa mvua, anajiona mjinga, na yule wa bure haoni hasara asipokuja kesho. Watu wa pwani walikwisha kusema, rahisi huvunja upishi.

Siku hizi hesabu ya vichwa imekuwa nzito zaidi. Kuanzia msimu wa 2025, kupanda kuingia ligi kubwa hakutegemei ushindi peke yake. Klabu hupewa alama kwa watazamaji wake, fedha zake, uwanja wake na mengineyo. Klabu ya London ilikwisha kuonja uchungu huo. Oktoba 2023 walishinda fainali ya daraja la pili wakapanda, na mwezi huo huo alama za majaribio zikatoka, wao wakiwa wa 24. Walicheza msimu mzima wa 2024 wakijua kuwa njia ya kubaki imefungwa. Kwa mji mdogo kama Batley, alama hizi ni ukuta mrefu kuupanda.

Naam, hesabu ni hesabu, lakini haisemi yote. Kule Australia, mwisho wa mwaka 1999, klabu ya South Sydney, iliyoanza 1908, iliondolewa katika ligi kwa kuwa haikutosheleza vigezo. Makumi ya maelfu ya watu waliandamana katika mitaa ya Sydney. Kesi ikaenda mahakamani, na mwaka 2002 klabu ikarudi uwanjani. Mwaka 2014 ikawa bingwa.

WALIO NJE

Sasa nirudi kwa mzee wangu. Kama si bei, ni nini kilichomzuia?

Si saa ya sala. Mchezo huanza saa tisa, na kwa majira ya joto ya kule alasiri haiingii mpaka saa kumi na moja na zaidi. Pombe, ndiyo. Klabu nyingi hutegemea mauzo ya bia, na ligi kubwa yenyewe iliwahi kubeba jina la bia ya Tetley's, na tangu 2017 la kampuni ya kamari. Muislamu anayemshika mwanawe mkono ana haki ya kusita. Lakini jibu la mzee lilikuwa fupi kuliko hilo.

"Wao walifanya kazi mchana, sisi usiku. Jumapili wao walikwenda uwanjani, sisi tulilala. Hakuna aliyegonga mlango wangu akasema, karibu. Na mimi pia sikugonga wao."

Wapo walioonyesha kuwa yawezekana kuwa vingine. Ikram Butt, mzaliwa wa Leeds, aliichezea Uingereza mwaka 1995, Muislamu wa kwanza kufanya hivyo. Na kule Sydney, Hazem El Masri, aliyezaliwa Tripoli ya Lebanoni na kufika Australia akiwa mtoto, aliichezea klabu ya Canterbury tangu 1996 hadi 2009, akastaafu akiwa ameweka rekodi ya pointi 2,418 katika ligi. Akina mama wenye hijabu na watoto wa Kilebanoni walijaa majukwaani. Waliona mwana wao ndani, wakajua na wao ni wa ndani.

Jumapili iliyofuata nilinunua tikiti mbili, ya mzee ikiwa ya bei ya chini. Mlangoni alisimama mzee wa Kizungu wa makamo yake. Akamtazama Ami, Ami naye akamtazama. Kumbe walifanya kazi kiwanda kimoja, huyu zamu ya mchana na huyu ya usiku, wakipishana langoni alfajiri na jioni kwa miaka mingi bila kujuana majina. Wakapeana mikono, na foleni ikasimama nyuma yetu.

Tulikaa mbali na baa. Uwanja wenyewe umeinama kama paa la makuti, na kwa macho yangu watazamaji walipita elfu moja kidogo tu. Mchezo ulipokwisha tulikwenda kusali alasiri. Njiani mzee akaniuliza mchezo ujao ni lini.

Nami nakuuliza wewe msomaji. Mwaka 1965 Feisal ya Mombasa ilikuwa bingwa wa Kenya, na wazee wetu bado husimulia umati wa siku zile. Leo tunalalamika kuwa viwanja vyetu ni vitupu, na tunabishana juu ya bei ya kiingilio. Je, kuna jirani ambaye hatujamgongea mlango?