Alirusha ndege zikaanguka mtoni, akaziokota na kuziunda upya

MTOTO akiunda ndege ya maboksi nayo ikaanguka na kuvunjika bawa, mara nyingi safari yake huishia hapo. Jioni mama akifagia, vipande huenda pamoja na taka. Profesa Samuel Langley wa Marekani angekuwa na tabia hiyo hangefika popote, kwa maana ndege zake za mfano zilimwangukia mwaka baada ya mwaka, tena mbele ya macho ya mafundi aliowalipa.

Langley alikuwa mtaalamu wa nyota, na mnamo 1887 alifanywa mkuu wa taasisi ya Smithsonian mjini Washington. Alianza na vijindege vyepesi vilivyoendeshwa kwa nyuzi za mpira zilizosokotwa. Hivyo havikukaa hewani ila kwa sekunde chache, muda usiotosha kujifunza jambo la maana. Ndipo akaamua kuunda ndege kubwa zaidi, isiyo na rubani, yenye injini ya mvuke.

Tuiangalie ile aliyoiita Namba 5. Upana wake kutoka ncha ya bawa hadi ncha nyingine ulikuwa takriban mita 4.2, lakini uzani wake ulikuwa kama kilo 11 tu, yaani sawa na mtoto wa mwaka mmoja na nusu hivi. Ndani ya kilo hizo mlikuwa na mabawa mawili mbele na mawili nyuma, injini yenye nguvu ya farasi mmoja, tanuri la kuchemshia maji na mafuta ya kuliwasha. Wewe msomaji uliyewahi kubeba jiko la mafuta ya taa unajua kilo moja ya chuma huisha upesi namna gani.

Alizirushia juu ya maji. Alinunua mashua yenye nyumba, akaitia nanga kwenye mto Potomac karibu na Quantico, kiasi cha kilomita 50 kusini mwa Washington, na juu ya paa akajenga mtambo wa springi wa kuirusha ndege mbele, mfano wa manati. Ikianguka, maji yangeipokea kwa upole kuliko mawe, nao mafundi wangeifuata kwa mashua ndogo na kuiopoa.

Mwishoni mwa 1893 walisafiri hadi mashuani mara kadha wakarudi bila kurusha chochote kwa sababu ya upepo. Ziliporushwa hatimaye, zilitumbukia mtoni. Tatizo moja halikuonekana kwa macho: bawa lililokuwa limenyooka likiwa mezani lilijikunja kama jani mara tu hewa ilipolisukuma kutoka chini. Utalipimaje bawa bila kuirusha ndege na kuivunja? Walilipindua juu chini, wakamwaga mchanga juu yake uwe badala ya nguvu ya hewa, kisha wakatazama linapinda wapi. Mimi nauona mchanga huo kuwa hekima kubwa kuliko injini yenyewe. Mahali palipolegea pakaimarishwa, kazi ikarudi mtoni.

Mei 6, 1896, alikuwapo pia Alexander Graham Bell, yule wa simu, akiwa na kamera. Wa kwanza kurushwa alikuwa Namba 6. Waya ulinasa kwenye mtambo, bawa likavunjika, ndege ikaenda majini. Siku hiyo ingeweza kumalizikia hapo. Badala yake wakaipandisha Namba 5, na mwendo wa saa tisa alasiri ikaondoka, ikapanda ikizunguka zunguka, ikaenda kiasi cha mita 1,000 kwa karibu dakika moja na nusu. Mvuke ulipokwisha ilishuka polepole na kutua majini bila kuvunjika. Ikaopolewa, na jioni hiyo hiyo ikarushwa tena, ikaenda kama mita 700. Namba 6 nayo ilitengenezwa, na Novemba mwaka huo ikaenda zaidi ya mita 1,400.

Hapo pangetosha, lakini mwaka wa 1898 serikali, ikiwa vitani na Uhispania, ilimpa dola 50,000 aunde ndege ya kubeba mtu. Aliunda kwanza mfano wa robo ya ukubwa, wenye injini ya petroli, nao uliruka. Kisha akaukuza mara nne.

Mwanafunzi, chukua viberiti vinane vinavyofanana uvipange viwe kiberiti kimoja chenye urefu, upana na kimo maradufu. Uso wa juu umekuwa mara nne, lakini uzani umekuwa mara nane. Ukikuza mara nne, uso unakuwa mara 16 na uzani mara 64. Mabawa yaliyomudu kuubeba mfano si lazima yamudu kuibeba ndege kubwa yenye umbo lile lile.

Injini haikuwa na lawama. Msaidizi wake, Charles Manly, aliiunda ikafikia nguvu ya farasi 52, na ndiye pia aliyekuwa rubani. Oktoba 7, 1903, ndege iliondoka kwenye mtambo na kutumbukia moja kwa moja. Desemba 8 sehemu ya nyuma ilivunjika papo hapo, Manly akazama chini ya mabaki katika maji yenye barafu. Alijinasua, lakini kwa shida. Siku tisa baadaye ndugu wawili Wright waliruka Kitty Hawk. Walikuwa wamejizoeza kwa miaka mitatu kuiongoza ndege isiyo na injini wakiwa wenyewe juu yake, jambo ambalo Manly hakupata nafasi ya kulifanya hata mara moja.

Langley alisisitiza kwamba kosa lilikuwa la mtambo wa kurushia. Pengine kwa sehemu alisema kweli, ila mchanga ungemwonyesha mengine. Magazeti yalimcheka, fedha zikakatika, naye akafariki mwaka wa 1906. Ile ndege kubwa ilikarabatiwa baadaye, nayo imehifadhiwa na taasisi ya Smithsonian pamoja na Namba 5.