Dakika Moja ya Daktari

Mara ya mwisho ulipokwenda zahanati na kikohozi chako, je, uliulizwa kama unavuta sigara? Wengi huandikiwa dawa wakarudi nyumbani, pakiti ikiwa bado mfukoni.

Mwaka 1979, Dk. Michael Russell na wenzake walitangaza matokeo ya uchunguzi wao uliofanywa na madaktari 28 wa London kwa wavutaji 2,138. Wale walioambiwa na daktari waache, wakapewa kijitabu na kuonywa kwamba wataulizwa tena, asilimia 5.1 walikuwa wameacha baada ya mwaka. Kwa wasioambiwa neno ilikuwa asilimia 0.3 tu. Utasema asilimia 5 ni kidogo. Lakini maneno yale yalichukua dakika moja au mbili, na ni dawa gani nyingine inayopatikana kwa bei hiyo?

Kuacha ni kazi, maana nikotini humshika mtu. Siku za kwanza huwa mkali, hana usingizi, hamu ya sigara inamsumbua. Daktari akiyaeleza haya mapema, mama hatashangaa baba amepatwa na nini. Anaweza pia kumwandikia chingamu au plasta yenye nikotini, mahali zinapopatikana, na kumpangia siku ya kurudi.

Asipokuuliza, anza wewe: “Daktari, ninavuta, nataka kuacha.” Taja na idadi ya sigara kwa siku, bila kupunguza hesabu kwa sababu mkeo yupo.