Soko la vitabu Tabora: Sifa zatangulia, mzigo wachelewa

Bidhaa nyingi zinazotoka Tabora zina namna ya kujulikana ubora wake kabla fedha haijatoka mfukoni. Tumbaku hupangwa kwa madaraja na bei hufuata daraja. Asali mnunuzi huchovya kidole, akalamba, ndipo wakaanza kupatana. Kitabu hakimo katika kundi hilo. Msomaji hajui thamani ya riwaya mpaka aifikishe ukurasa wa mwisho, na kufikia hapo fedha yake imekwisha kwenda na hakuna duka litakaloirudisha.

Ndiyo maana, kibiashara, maneno ya msomaji aliyetangulia yana uzito kuliko tangazo lolote. Anayemwambia jirani yake akitafute kitabu fulani, au anayemwonya asikiguse, anafanya kazi ile ile ya mpanga madaraja ya tumbaku, tofauti ni kwamba halipwi. Siku hizi kazi hiyo inafanyika kwa wingi zaidi kupitia simu: watu wanasifu riwaya, wanaponda tamthiliya, wanabishana nani mshairi na nani mpanga maneno. Pamoja na hayo, sifa hizo hazigeuki mauzo kwa kiwango ambacho mtu angetarajia, hasa katika miji ya bara.

Jambo hili si geni katika njia hii. Misafara iliyotoka pwani kwenda Ujiji ilipitia Tabora, na hasara yake kubwa mara nyingi haikuletwa na vita bali na mzigo usiopendwa. Mwingereza Richard Burton, aliyefika Kaze, yaani Tabora ya wakati ule, Novemba 1857, aliandika kuwa aina za ushanga zilizokuwa katika biashara zilifikia kama 400, kila moja na jina lake. Rangi iliyogombewa mahali pamoja iliweza kukataliwa kabisa siku chache mbele. Mpagazi mmoja alibeba kama frasila mbili, na mali yenyewe mara nyingi ilichukuliwa kwa mkopo kutoka kwa matajiri wa Kihindi wa Unguja. Kwa hiyo habari za wanaorudi kutoka bara, kwamba mwaka huu wanataka nyekundu na nyeupe haina mnunuzi, zilikuwa sehemu ya mtaji. Aliyefunga mizigo bila kuuliza alirudi na deni.

Mwenye duka la vitabu leo yuko katika hali hiyo hiyo, ila kwake ushanga umekuwa karatasi.

Kipalapala walivyofanya

Mfano mzuri wa jinsi maoni ya wasomaji yanavyoweza kugeuka biashara uko nje kidogo ya mji wa Tabora, Kipalapala. Hapo ndipo ilipokuwa Tanganyika Mission Press, maarufu kwa herufi za TMP, na hapo ndipo lilipochapwa gazeti la Wakatoliki, Kiongozi, lililoanza mwaka 1950. Mtambo huo ulitoa pia vitabu vya sala, vya mafundisho ya dini na vingine vya kusoma kwa Kiswahili.

Kwa mtu anayetazama ramani tu, kuweka kiwanda cha uchapaji kwenye miombo ya Unyamwezi, mbali na bandari, kungeonekana ni makosa ya hesabu. Lakini kilikuwa na reli, ambayo ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na tawi lake likaingia Mwanza mwaka 1928. Zaidi ya reli, kilikuwa na kitu ambacho wachapishaji wengi wa mjini hawakuwa nacho: mtandao wa jimbo, parokia na kigango. Katekista aliyependa kitabu alikitaja mbele ya watu ambao aliwajua kwa majina, na ambao wangerudi Jumapili inayofuata. Waliokitaka walijulikana idadi yao, na oda ikapanda kutoka kigangoni kwenda parokiani. Seminari Kuu ya Mtakatifu Paulo, iliyopo hapo hapo Kipalapala, inapokea vijana kutoka majimbo mbalimbali, na kijana anayekwenda likizo ni mpeleka habari wa bure.

Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba sifa na oda zilipita mdomo mmoja na mahali pamoja. Aliyesikia habari ya kitabu alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka kwa mtu wa kukiagiza. Ni kweli kwamba mtandao huo ulikuwa wa kanisa, na haukubeba kila kitabu; riwaya ya mapenzi isingetangazwa baada ya misa. Lakini kama mfumo wa kuuza, ulikuwa umekamilika.

Ubishi nao huuza

Kuna wanaodhani kwamba maoni mabaya huua kitabu. Historia ya fasihi ya Kiswahili haionyeshi hivyo. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilipotoka mwaka 1971 ilishutumiwa kwa kuzungumza waziwazi mambo ya wasichana na wanaume, ikazuiwa kutumika shuleni. Waliokuwa hawajaisikia wakaitafuta. Leo hii ni kati ya riwaya zinazojulikana zaidi nchini, na baadaye iliingia darasani yenyewe.

Mfano wa pili unagusa Tabora moja kwa moja. Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji aliyesoma shule ya serikali ya Tabora, alitoa mwaka 1954 kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi pamoja na diwani yake. Wakati huo washairi walikuwa wamezoea kujibizana magazetini, beti kwa beti, na kitabu hicho kikawa kipimo chao. Miaka 20 baadaye Kezilahabi akaleta Kichomi, diwani ya mashairi yasiyofuata vina na mizani, na ubishi ukawaka. Wa upande wa mapokeo walimshika Amri Abedi mkononi. Wa upande wa pili, wakiwemo Mulokozi na Kahigi, nao wakaandika vyao. Kufikia mwaka 1984 Jumanne Mayoka alitoa diwani ambayo jina lake lenyewe linataja mgogoro wa ushairi. Yaani ugomvi wa wasomaji ulikuwa umeshakuwa bidhaa, tena yenye jalada. Aliyetaka kubishana alilazimika kwanza kununua kitabu cha mpinzani wake, kwa kuwa hakukuwa na njia nyingine ya kukisoma isipokuwa kuazima.

Hesabu ya duka

Siku hizi njia nyingine ipo, na hapo ndipo penye kidonda. Mtu anasifu riwaya kwenye kundi la WhatsApp. Dakika tano baadaye mwingine anaweka kurasa zake zilizopigwa picha, na wote wanashukuru. Anayefanya hivyo anaamini kabisa kwamba anamsifu mwandishi. Kwa mkataba wa kawaida wa asilimia 10, kitabu cha Sh. 15,000 humpa mwandishi Sh. 1,500. Picha za simu hazimpi kitu, na kibaya zaidi, haziingii katika hesabu yoyote ya mchapishaji anapoamua kama achape tena.

Lakini wizi peke yake hauelezi yote. Tuchukue mfano wa duka mjini Tabora linaloagiza nakala 20 za riwaya hiyo kutoka Dar es Salaam, kwa punguzo la asilimia 30. Kila nakala italigharimu Sh. 10,500, jumla Sh. 210,000. Tuseme usafirishaji ni Sh. 20,000, mtaji uliotoka ni Sh. 230,000. Akiuza nakala 15 anakuwa amepata Sh. 225,000, bado yuko ndani ya hasara. Faida inaanzia nakala ya 16. Akiuza zote anapata Sh. 70,000, ila hajui itachukua miezi mingapi, na fedha hiyo hiyo ingewekwa kwenye madaftari na kalamu ingezunguka mara kadhaa kabla ya hapo. Hakuna haja ya kumlaumu.

Anachohitaji mwenye duka huyu ni kuwajua watu 16, na wawe karibu. Sifa za mtandaoni zinampa watu 200 waliosema watakitafuta, mmoja yuko Nzega, mwingine Urambo, watatu Sikonge, waliobaki Dar es Salaam, Mombasa na Muscat. Shauku ipo, oda haipo. Kigango kilikuwa na watu wachache zaidi ya hao, lakini wote walikaa chini ya paa moja.

Kwa sababu hiyo wachapishaji wengi wamekimbilia mahali ambapo oda inajulikana mapema, yaani shuleni. Kitabu kinachoteuliwa na serikali kwa ajili ya mtihani, kama ilivyokuwa Takadini au Watoto wa Mama Ntilie, hakihitaji kusifiwa na mtu. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza Dar es Salaam mwaka 1991, nao ulifuata mantiki hiyo: mchapishaji akichapa nakala 5,000, mradi ulinunua 3,000 kwa ajili ya shule na maktaba, akabaki na 2,000 tu za kutafutia soko. Ni mipango ya maana, ila inamweka kando mtu mzima anayesoma kwa kupenda.

Kuna pia kitabu kinachosifiwa wakati muuzaji hayupo tena. East African Literature Bureau, iliyoanzishwa mwaka 1948, ndiyo iliyotoa Rosa Mistika na vingine vingi. Ilikufa mwaka 1977 pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mzee wa Tabora anayemsimulia mjukuu wake kitabu cha enzi hizo anasifu mzigo ambao mwenye ghala ameshafunga.

Na kuna sifa zinazochelewa zenyewe. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alitoa Paradise mwaka 1994, riwaya ya kijana anayechukuliwa na tajiri wa pwani na kuingia bara na msafara. Ni habari ya njia hii hii. Hata hivyo kwa wasomaji wengi wa Kiswahili jina lake lilisikika kwanza mwaka 2021 alipopata Tuzo ya Nobel, na ndipo Mkuki na Nyota wakatoa tafsiri ya Ida Hadjivayanis, Peponi. Hapo sifa zilikwenda mpaka Stockholm ndipo zikarudi Unyamwezi.

Kwa wanaotaka kununua sasa, njia nyepesi ni kuchanga kabla ya kuagiza. Kwa hesabu ile ile, watu 20 wakilipa kwanza, nakala ni Sh. 10,500 na mchango wa usafiri ni Sh. 1,000. Mwenye duka akikubali kupokea kifurushi kwenye basi na kukigawa kwa Sh. 1,500 kila nakala, kitabu cha Sh. 15,000 kinamfikia msomaji kwa Sh. 13,000, na yeye anabaki na Sh. 30,000 bila kutoa hata senti ya mtaji. Ni chini ya nusu ya ile Sh. 70,000, lakini inaingia siku moja na haimwachii nakala za kufutia vumbi. Ugumu unaobaki ni kumpata mtu ambaye wote 20 watakubali ashike fedha hiyo.