Fizi Zinapotoka Damu: Chembe Sahani na VVU

Mtu hupiga mswaki, mate yakatoka na damu. Baadaye vidoa vyekundu hujitokeza miguuni. Huenda chembe sahani, zinazosaidia damu kuganda, zimepungua. Kwa kawaida mikrolita moja ya damu huwa na chembe hizo 150,000 hadi 450,000. VVU hudhoofisha uzalishaji wake katika uboho, tena huchochea kinga ya mwili kuziangamiza. Upungufu huu waweza kuwa dalili ya kwanza ya maambukizi. Hivyo mhudumu ampime mgonjwa VVU, pamoja na malaria, ambayo nayo huzishusha. Tiba ya msingi ni ARV, na mara nyingi chembe hizo huongezeka dawa zikitumiwa bila kukatizwa. Mgonjwa aepuke aspirini bila ushauri wa daktari. Damu isipokoma, awahi hospitalini.