Eksirei hafifu ndiyo ngumu kupima

Wengi wetu tunaijua eksirei kwa picha ya kifua au ya mfupa uliovunjika. Eksirei hiyohiyo, ikitolewa kwa wingi zaidi, hutibu. Huua seli za saratani ya ngozi, huzuia keloidi isiote tena baada ya kukatwa, na hutuliza maumivu ya uvimbe ulio karibu na ngozi. Mashine za tiba hii hutumia umeme wa kilovolti 10 hivi hadi 300. Zile zisizozidi kilovolti 100 huitwa za nishati ya chini, na zilizobaki za nishati ya kati, ingawa kati ya 80 na 100 makundi haya mawili huingiliana. Mbele ya mitambo mikubwa ya mamilioni ya volti inayotibu saratani za ndani ya mwili, mashine hizi huonekana ndogo na rahisi. Kwa mtu mwenye kazi ya kupima dozi, mambo ni kinyume kabisa.

Dozi ni nishati ambayo mionzi inaiacha ndani ya kila kilo ya mwili. Juli 1 kwa kilo 1 ndiyo grei 1. Katika tiba kiasi hicho ni kikubwa, lakini kwa joto ni kidogo mno: grei 1 hupandisha joto la maji kwa nyuzi 0.00024 tu. Kwa hiyo mwanafizikia tiba wa hospitali hapimi joto. Anapima umeme unaozaliwa ndani ya hewa. Kifaa chake ni chemba ya ayoni, kijitundu chenye hewa ya sentimita za ujazo 0.6 kwa kawaida. Mionzi ikipita humo huchomoa elektroni kwenye atomi za hewa, na chaji inayopatikana husomwa kwa elektromita. Inafahamika kwamba kila kulombu 1 ya chaji huwakilisha juli 33.97 zilizoachwa hewani. Katika chemba ya ukubwa huo, grei 1 huzalisha takriban nanokulombu 21, yaani sehemu 21 za bilioni za kulombu.

Ugumu wa kwanza ni hewa yenyewe. Hewa ya chemba imeungana na ya chumbani, na hesabu yote hutegemea uzito wake. Vipimo rejea huwekwa kwa nyuzi 20 na mgandamizo wa kilopaskali 101.3, hali ya usawa wa bahari. Dar es Salaam mgandamizo uko karibu na huo, lakini chumba kikiwa na nyuzi 30, chemba husoma pungufu kwa zaidi ya asilimia 3. Nairobi, iliyo mita 1,700 hivi juu ya bahari, mgandamizo ni kama kilopaskali 83. Hewa hiyo nyepesi, inayochelewesha maharage kuiva jikoni, hupunguza usomaji wa chemba kwa asilimia 18 hivi. Asiyesahihisha atadhani mashine yake ni dhaifu, ataongeza muda wa tiba, na mgonjwa atapewa dozi iliyozidi kwa asilimia 22 hivi. Upo mtego pia: mgandamizo unaotangazwa katika taarifa za hali ya hewa mara nyingi umeshageuzwa kuwa wa usawa wa bahari. Barometa lazima iwe mlemle chumbani.

Ugumu wa pili ni kwamba kilovolti hazitoshi kuieleza eksirei. Mashine mbili zilizowekwa kilovolti 100 zinaweza kutoa mionzi ya aina mbili, kwa sababu kila moja ina kichujio chake cha metali kinachokamata miale dhaifu. Hivyo wataalamu hutafuta unene wa alumini, au wa shaba kwa mionzi mikali zaidi, unaopunguza mionzi hadi nusu. Unene huo ndio unaoonyesha nguvu ya mionzi ya kupenya.

Kwa nini tujisumbue hivyo? Katika nishati hizi, namna maada inavyomeza mionzi hubadilika sana kulingana na atomi zake. Atomi nzito kidogo humeza zaidi kwa mbali. Kalisi ya mfupa ni mfano mzuri: mfupa unaweza kupokea dozi mara tatu au nne ya nyama iliyo kando yake. Hata ukuta mwembamba wa chemba huathiri kipimo. Ndiyo maana chemba iliyohakikiwa kwa mionzi ya kobalti-60 peke yake haifai hapa. Ni lazima ihakikiwe kwa eksirei zinazofanana na za hospitali. Kwa nishati ya chini hutumika chemba bapa yenye kidirisha chembamba sana, na dozi hupimwa usoni pa ngozi. Kwa nishati ya kati hupimwa ndani ya maji, kwenye kina cha sentimita 2.

Umbali nao una neno lake. Mirija ya mashine hizi hukaa karibu na mgonjwa. Ikiwa ngozi ilitakiwa kuwa sentimita 20 kutoka chanzo cha mionzi, nafasi ya sentimita 1 tu ikiachwa hupunguza dozi kwa asilimia 9. Tangu 1976 tume ya kimataifa ya vipimo vya mionzi, ICRU, imependekeza dozi ya tiba isikosewe kwa zaidi ya asilimia 5. Uzembe mdogo wa mkono tayari umevuka mpaka huo.

Miongozo ipo. Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki lilitoa mwongozo wake, TRS-398, mwaka 2000 na kuuhuisha 2024. Shirika hilo na lile la Afya Duniani huendesha mtandao wa maabara za uhakiki ulioanzishwa 1976, na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, Arusha, ina maabara ya aina hiyo. Hospitali inayonunua mashine ya eksirei ya tiba basi inunue pamoja nayo chemba inayofaa, elektromita na barometa, na iajiri mwanafizikia wa kuvitumia. Bila hivyo, namba inayoonekana kwenye mashine si dozi, ni makisio.