Kabla ya kuwasha pampu, mtafute anemoni kwanza

Asubuhi, kabla ya sare kuvaliwa na chai kumiminwa, mtoto hukimbilia kwenye tangi la samaki sebuleni. Anamtafuta "ua" wake, yaani anemoni wa baharini aliyekuwa juu ya jiwe jana jioni, huku samaki wawili wa rangi ya chungwa wakijisugua kwenye minyiri yake. Jiwe liko tupu. Maji yamekuwa meupe kama yaliyooshewa mchele. Kwenye kona, pampu inanguruma kwa sauti isiyo yake, na vipande laini vya nyama vinaning'inia kwenye matundu yake.

Wanaofuga viumbe wa matumbawe nyumbani wanakijua kisa hiki vizuri. Tangi la maji ya chumvi si kitu cha kila nyumba, na mwenye nalo huwa ametumia fedha nyingi. Lakini kinachouma zaidi ni kwamba mtoto alishampa mnyama huyo jina. Tena hasara haiishii hapo. Anemoni akisagwa, mabaki yake huoza upesi, sumu ya amonia hupanda majini, na katika muda mfupi samaki nao huonekana wakihema juu ya maji.

Ajali hiyo huzuilika kwa vitu vya bei ndogo: sponji, wavu wa plastiki, na mazoea ya kutazama kabla ya kubonyeza swichi.

Ua linalotembea

Watoto wengi, na wazazi wengi pia, hudhani anemoni ni mmea. Ni mnyama, wa ukoo mmoja na matumbawe na konyeza. Ana mguu mmoja mpana chini, ambao ndio anaoshikia jiwe, kisha kiwiliwili, kisha minyiri iliyozunguka mdomo. Mdomo huohuo ndio njia ya chakula na ndio njia ya uchafu, jambo ambalo huwachekesha sana watoto wa shule ya msingi. Hana mfupa wala gamba. Sehemu kubwa ya mwili wake ni maji.

Ndani ya mwili wake huishi vimelea vidogo vya jamii ya mwani vinavyotengeneza chakula kwa mwanga na kumgawia mwenyeji wao. Kwa hiyo anemoni huhitaji mwanga mkali, na huhitaji maji yanayotembea ili yamletee hewa na kumwondolea uchafu. Asipoviona hivyo mahali alipowekwa, anahama. Hutambaa taratibu kwa mguu wake juu ya jiwe au kioo. Wakati mwingine hufanya jambo la hatari zaidi: hujiachia kabisa na kuchukuliwa na mkondo.

Baharini, mkondo humpeleka kwenye mwamba mwingine. Ndani ya tangi, mkondo wote unaishia sehemu moja, nayo ni mdomo wa pampu. Pampu huvuta maji kwa pangaboi dogo linalozunguka kwa kasi. Minyiri hutangulia kuingia, kisha nyama nyingine hufuata, na pangaboi halina habari.

Siku za hatari zinafahamika. Wiki za mwanzo baada ya anemoni kuingizwa tangini, kabla hajachagua makazi, ndizo mbaya kuliko zote. Baada ya hapo ni pale taa inapobadilishwa, mawe yanapopangwa upya, au maji yanapoharibika. Mara nyingi familia huwa imelala.

Hatari ya umeme kurudi

Kuna sababu moja ambayo vitabu vya ufugaji vilivyoandikwa kwa ajili ya nchi zenye umeme usiokatika huigusia kidogo tu, na katika miji ya Afrika Mashariki inastahili kutajwa mapema.

Umeme ukikatika, pampu husimama na taa huzimika. Maji yanatulia, hewa inapungua. Anemoni asiyeridhika huanza kutafuta mahali pengine, na kwake pampu iliyosimama ni tundu la giza kama tundu jingine lolote la mwamba. Anaweza kuegemea juu yake, hata kuingiza mguu ndani. Saa mbili baadaye umeme unarudi, watu wanashangilia, televisheni inawaka, na pampu nayo inaanza kuzunguka yenyewe bila kuulizwa.

Dawa yake ni ndogo. Pampu zote za ndani ya tangi huchomekwa kwenye ekstensheni moja yenye swichi yake. Umeme ukikatika, swichi hiyo huzimwa. Umeme ukirudi, mtu mmoja huchukua tochi, anamwona anemoni yuko wapi, anatazama kila pampu, ndipo anawasha. Kazi hiyo anaweza kupewa mtoto wa miaka kumi, ya kutazama na kutoa taarifa, swichi ikabaki kwa mtu mzima. Dada wa nyumbani naye ni lazima aelezwe, kwa kuwa mchana mara nyingi yeye ndiye aliyepo.

Lakini tangi halipaswi kukaa bila mwendo wa maji kwa muda mrefu, hasa lenye samaki wengi. Pampu ndogo ya hewa inayotumia betri, ile ya kutoa mapovu, hulinda samaki wakati wa kusubiri. Na kama nyumba hubaki bila mtu kutwa nzima, utaratibu wa swichi hausaidii kitu. Hapo ulinzi uliofungwa kwenye pampu yenyewe ndio wa kutegemewa.

Sponji, wavu, na makosa ya kila siku

Ulinzi rahisi ni kuvisha mdomo wa pampu sponji yenye matundu makubwa kiasi, iliyokatwa ikaenea vizuri. Sponji hutandaza nguvu ya kuvuta. Badala ya kuvuta kwa tundu moja lenye nguvu, pampu huvuta kwa eneo pana lenye nguvu ndogo kila sehemu, na anemoni akigusa hapo anaweza kujitoa mwenyewe.

Si kila sponji inafaa. Ile ya kuoshea vyombo inaweza kuwa imetiwa dawa ya kuua vijidudu, na hao vijidudu ndio wanaosafisha maji ya tangi. Inunuliwe sponji ya chujio la samaki, ioshwe kwa maji matupu, bila sabuni.

Kosa kubwa ni kuifunga na kuisahau. Sponji hukusanya taka, huziba, na taka hizo huchafua maji. Pampu iliyozibwa hufanya kazi kwa shida na kupata moto, na mkondo ambao anemoni aliuhitaji hufifia, naye akaanza kutembea tena kuutafuta. Kwa hiyo ulinzi uliosahauliwa unaweza kumsukuma mnyama kwenye hatari ileile. Suuza kila baada ya siku chache ndiyo bei yake. Baadhi ya familia huwa na sponji mbili kwa kila pampu: moja ikiwa kazini, nyingine ikikauka.

Kwa pampu kubwa za mawimbi, zenye pangaboi pana, kizimba cha wavu wa plastiki hufaa zaidi. Matundu yawe madogo, na kizimba chenyewe kiwe kikubwa kiasi cha kuacha nafasi kati ya wavu na pampu. Wavu uliobanwa moja kwa moja kwenye mdomo wa pampu haupunguzi nguvu ya kuvuta, bali huigeuza kuwa kikwaruzio. Vifungwe kwa vifungio vya plastiki. Waya wa chuma hushika kutu katika maji ya chumvi, na shaba ni sumu kwa viumbe hawa hata kwa kiasi kidogo. Wapo wanaotumia stokingi kuukuu kama kinga ya dharura kwa usiku mmoja. Inasaidia, ila huziba upesi.

Mahali pa kumwagikia maji kuelekea tangi la chini pasisahauliwe. Anemoni mdogo anaweza kupitia hapo na kufika kwenye pampu kuu, ambayo hakuna anayeitazama.

Na kuna kinga isiyofungwa popote: kumfanya mnyama asitake kuhama. Apewe jiwe lenye ufa au shimo la kuingiza mguu, mbali na pampu. Siku ya kumwingiza, pampu za karibu zizimwe kwa muda hadi ashike jiwe, kisha mkondo uongezwe kidogo kidogo. Zaidi ya hapo ni subira. Tangi jipya halifai kwa anemoni. Wafugaji wazoefu hushauri lifikishe angalau miezi 6, na wengine husema mwaka mzima, ili maji yatulie kwanza. Mtoto atalalamika. Aachwe alalamike.

Ni vyema mzazi ajue pia kwamba samaki wale, ambao watoto huwaita kina Nemo tangu filamu ile ya mwaka 2003, huishi vizuri tangini bila anemoni. Anayewahitaji kweli ni samaki aliye baharini, kwa ajili ya maficho. Familia isiyo na muda wa kusuuza sponji inaweza kubaki na samaki tu, na hakuna atakayekuwa ameonewa.

Anayeamua kumfuga anachukua mzigo wa miaka mingi. Mwanasayansi wa Uskoti, Sir John Dalyell, alimchukua anemoni mmoja ufukweni mwaka 1828 na kumweka kwenye chombo cha kioo. Dalyell alifariki, anemoni akarithiwa na walezi wengine kwa zamu, akaitwa "Granny", yaani Bibi, na akaishi hadi mwaka 1887. Alibadilishiwa maji ya bahari kwa mkono. Hakuwahi kukutana na pampu.

Ajali ikishatokea

Kitu cha kwanza ni umeme. Plagi itolewe ukutani kabla mkono wowote haujaingia majini, na watoto wasogezwe nyuma. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri sana. Kwa sababu hiyohiyo nyaya za tangi zining'inie chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda, ili tone linalotiririka juu ya waya lianguke sakafuni badala ya kuingia kwenye soketi.

Kama anemoni amenaswa tu kwenye matundu bila kukatwa, pampu ikishazimwa aachwe. Mara nyingi hujitoa mwenyewe. Kumvuta ndiko kunakomchana. Kama ameingia ndani, pampu itolewe kwenye kioo ikiwa bado majini, kifuniko chake kifunguliwe, na pangaboi litolewe taratibu hadi nyama iachie. Anayefanya kazi hiyo avae glavu na asijiguse macho. Minyiri ya anemoni ina chembe za kuchoma. Kwa watu wengi ni muwasho mdogo, lakini jamii nyingine huchoma vikali, na wapo ambao mwili wao hupambana nazo vibaya.

Vipande vilivyosambaa vinyonywe kwa mpira. Sehemu ya maji, kama robo ya tangi, ibadilishwe kwa maji ya chumvi yaliyoandaliwa, yenye joto na kiwango kilekile cha chumvi. Kaboni ya kuchujia iwekwe kwenye chujio, na amonia ipimwe siku hiyo na siku zinazofuata. Ni kwa ajili ya samaki waliobaki.

Majeruhi awekwe kwenye kikapu cha plastiki chenye matundu, ndani ya tangi hilohilo, penye mkondo mdogo na mwanga wake wa kawaida. Asilishwe kwa siku kadhaa, hata mtoto akiomba kwa machozi. Hawezi kumeng'enya, na chakula kitaoza juu ya kidonda.

Uwezekano wa kupona hutegemea palipoumia. Minyiri iliyokatika huota tena. Anemoni mwenye ncha za minyiri zilizovimba kama vipovu, anayepatikana pia katika maji ya Afrika Mashariki, kwa asili yake hujigawa mara mbili, na aliyechanika akibaki na sehemu ya mguu na ya mdomo anaweza kujijenga upya. Anemoni wapana kama zulia hawana bahati hiyo mara nyingi. Kwa wote, mguu uliochanika ni habari mbaya.

Akianza kuyeyuka, mdomo ukabaki wazi na harufu ya uozo ikatoka, atolewe mara moja. Huo ndio uamuzi mgumu kumweleza mtoto, na ni bora aelezwe kuliko kuambiwa mnyama "amerudi baharini." Wala mbadala wake usitafutwe kwa kwenda kubandua mwingine mwambani. Katika hifadhi za bahari kama Malindi, Watamu na Kisite, kuchukua kiumbe chochote hakuruhusiwi, na nje ya hifadhi biashara hiyo ina vibali vyake. Anayetaka mtoto amwone anemoni bila gharama amsubirie maji ya bamvua yakipwa, watembee naye kwenye vidimbwi vya mwamba, mikono nyuma.

Dalili njema huja polepole. Kwanza mdomo hufunga. Kisha minyiri, ikiguswa kidogo, hunata. Baada ya siku au wiki, mguu hushika ukuta wa kikapu kiasi kwamba hautoki kwa kusukumwa na maji. Hapo anaweza kurudishwa juu ya jiwe lake. Pampu ya kona ile huwashwa mwisho, ikiwa imeshavishwa sponji.